Udongo wa Nyuma ya Gereji

Mwaka juzi msichana mmoja mtafiti alinijia nyumbani kwangu Kitui, mkoba wake umejaa vifuko vya udongo. Alikuwa ametoka Garissa. Alinieleza kazi yake kwa heshima na kwa sauti ya juu, maana vijana hudhani wazee wote ni viziwi. Alikuwa akichota udongo wa mashamba ya kando ya mto Tana, wa malisho ya mifugo, wa viwanja vya nyumba, na wa mahali palipokuwa na gereji zamani. Kisha ungepelekwa maabara waangalie una kiasi gani cha madini mazito, hasa risasi. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba mimi ndiye niliyebaki hai miongoni mwa mafundi wa gereji moja ya enzi za vita vya shifta, miaka ya sitini.

Nilimchorea ramani. Nilimwonyesha ukuta ulikuwa wapi, meza ya betri ilikuwa wapi, na asidi tuliimwaga upande gani. Nilifurahi kuulizwa, sikatai. Ni nadra siku hizi mtu kutaka kujua nilifanya kazi gani. Halafu akauliza, kalamu mkononi, "Na je, babu, unakumbuka mtu au mnyama yeyote aliyewahi kudhurika?"

Nikamjibu, "Sikumbuki."

Akaandika hivyo hivyo. Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake. Nami nikabaki nimekaa pale nikijichukia, kwa sababu nakumbuka mpaka rangi ya kitambaa alichokuwa amejifunga kichwani yule mama. Basi naandika. Kama msichana yule atasoma, afute lile jibu.

Nilikuwa fundi betri. Gereji ilikuwa ya mkandarasi wa barabara, na malori yote yaliyoharibika kutoka Liboi mpaka mtoni yaliishia kwetu, ya barabara, ya biashara, hata ya jeshi. Kwa zile barabara na lile joto, betri zilikufa ovyo. Wakati ule betri mbovu haikutupwa. Niliipasua, nikamwaga asidi nyuma ya ukuta, nikatoa sahani zake za risasi, nikaosha tope lake, nikayeyusha zilizooza na kumimina vichwa vipya vya kufungia nyaya, nikaziba kwa lami. Risasi ninayosema ni yale madini mazito ya kijivu, si ile ya bunduki, ingawa hata hiyo haikuwa haba Garissa miaka ile.

Msimamizi wetu alikuwa Mhindi mzee kutoka Nairobi, mkali, mwenye mdomo mchafu na roho safi. Siku ya kwanza alinifunua ufizi kwa kidole akauangalia, kama anayenunua punda. Akanieleza kwamba risasi huingia mwilini kwa moshi na kwa mikono. Ukiona mstari wa buluu kwenye ufizi, imekwisha kuingia. Alikuwa amemwona fundi mwenzake viganja vikilegea vikaning'inia, asiweze hata kushika kikombe. Alikuwa amemwona mbwa wa gereji aliyezoea kunywa maji ya kuoshea sahani, akawa anazunguka mahali pamoja, anagonga kichwa ukutani, mpaka akafa. "Wewe osha mikono. Hapana kula hapa. Na kila siku kunywa maziwa. Maziwa tasukuma yote nje," alisema. Hiyo ya maziwa ndiyo iliyokuwa dawa ya mafundi betri wote niliowajua. Siku hizi naambiwa haikuwa dawa ya chochote. Lakini tuliamini, na mkandarasi alikubali kuyalipia.

Kwa hiyo kila asubuhi mama mmoja wa Kisomali alifika langoni na maziwa ya ngamia katika chombo chake cha kusuka, kilichofukizwa moshi mpaka maziwa yenyewe yakawa na harufu ya kuni. Mwanzoni yalinishinda. Baada ya mwezi, siku akichelewa nilikuwa nachungulia njia. Alikuwa mrefu, mkavu, kitambaa chake cha manjano kimepauka, na hakuwa na mazoea ya kucheka. Alikuja na mjukuu wake wa kike, mtoto wa kama miaka mitatu hivi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Baba yake mtoto sikuwahi kuuliza yuko wapi. Miaka ile swali kama hilo halikuulizwa Garissa, na hasa halikuulizwa na mtu wa bara kama mimi, mgeni kutoka ng'ambo ya mto.

Nikubali jambo jingine. Sisi watu wa bara tuliishi upande wetu, tukiongea na Wasomali kwa mambo ya kununua na kuuza tu, tukiogopana. Mama huyu ndiye mtu pekee wa pale aliyenisalimu kama mtu. Aliniita "fundi". Mtoto hakuweza kusema hivyo, akaniita "fudi", na nilipoinama alinishika pua kwa vidole vyake vya maziwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mbali na kwetu. Asubuhi zile zilinifaa kuliko nilivyojua.

Karibu na mwisho wa vita watu wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio wa miiba, wenye mlango mmoja na askari mlangoni. Mifugo iliyobaki ilichungwa karibu, ikirudi mapema. Mama yule alikuwa na ngamia wengi zamani, au hivyo ndivyo alivyosema, na sikuwa na sababu ya kutomwamini. Sasa alibaki na jike mmoja anayenyonyesha. Maziwa yake ndiyo yaliyomlisha mtoto asubuhi na jioni, na kilichozidi ndicho kilichoniletea mimi dawa yangu.

Maziwa yakaanza kupungua. Mama akaniambia sababu. Ngamia anataka chumvi. Wao huwa na desturi ya kuwapeleka mahali penye udongo wa chumvi, wanaouita carro, wakalamba wakashiba, na kama ni mbali, watu huuchota wakauleta nyumbani. Ngamia asiyepata carro hukonda, hutafuna mifupa, na maziwa hukauka. Mahali pao pa chumvi palikuwa mwendo wa siku mbili, na kwenda huko wakati ule ilikuwa kutafuta kifo.

"Chumvi ya duka kidogo sana, na yeye mukubwa," alisema, kwa Kiswahili chake kisicho na p. "Tafanya nini, fundi? Mtoto nabewa nini?"

Hapo ndipo nilipojifanya mwerevu. Nyuma ya ukuta wetu, mahali nilipomwaga asidi miaka miwili, ardhi ilikuwa imetoa ukoko mweupe. Ulipasuka ukiukanyaga, na chini yake udongo ulikuwa laini kama unga. Nilikuwa nimewaona mbuzi wa watu wakipenya uani kuja kuulamba, nikawafukuza kwa sababu ya kelele zao tu. Nikamwambia mama asubiri. Nikaenda, nikabanjua kipande, nikamletea.

Akafanya kama wanavyofanya wafugaji wote wa kule. Hakuuliza umetoka wapi wala una nini. Aliuonja. Aliuweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho, akasubiri, akatema mate pembeni, akauonja tena.

"Ni fizuri," akasema. "Kali kidogo, halafu tamu. Hii ngamia atabenda."

Mtanibishia: mtu aliyeambiwa habari za mbwa na za viganja vinavyoning'inia, aliwezaje? Nimejiuliza zaidi yenu. Jibu langu la kweli ni la kijinga. Niliamini risasi inakaa kwenye sahani, kwenye moshi na mikononi. Udongo kwangu ulikuwa udongo. Kwetu tunazika wafu ndani yake na mahindi yanaota juu. Nilidhani ardhi humeza kila kitu na kukimaliza. Na pia nilitaka kushukuriwa. Mama mkavu asiyecheka alikuwa amenitazama kama mtu mwenye kitu cha kutoa, nami nikavimba kichwa.

Yeye asingeweza kupita na mzigo mlangoni bila kuhojiwa. Mimi nilikuwa na kibali cha gereji. Nikajaza debe kwa sepetu, nikalibeba begani mpaka kijijini kwao, askari akachungulia, akaona udongo, akacheka, akanipisha. Mama akaliweka debe kando ya mlango wa kibanda chake, akawa akimmwagia ngamia konzi mbili tatu kila jioni. Wiki ile maziwa yakaongezeka. Akakataa nilipie nyongeza. Alinyoosha mkono akanigusa begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

Nikapeleka debe la pili. Siku nilipopeleka la tatu, mtoto alikuja mbio, akachovya kidole kwenye ule unga mweupe, akakilamba, akakunja uso, akachovya tena. Tukacheka, mimi na bibi yake. Bibi akasema, "Huyu naye ni ngamia." Ile ndiyo mara moja tu niliyomwona akicheka kwa sauti, na ninaikumbuka vizuri mno.

Wiki kadhaa baada ya debe la tatu, nilikwenda kijijini asubuhi moja kumwambia mama kwamba msimamizi anataka maziwa ya wageni. Ngamia alikuwa amesimama kwenye uzio. Nilidhani anakula. Nilipokaribia nikaona anasukuma kichwa kwenye miiba, anasukuma tu, damu inamtoka puani, na haondoki. Alikuwa anasaga meno. Ungesikia kutoka mbali. Mama alimvuta kwa kamba akamgeuza. Ngamia akaanza kutembea, akazunguka upande wa kushoto, akazunguka tena, akazunguka tena.

Nilimkumbuka yule mbwa papo hapo. Sikuhitaji mwalimu wala maabara.

"Nafikiri ni jini," mama akasema. "Au sindano ya mutu mubaya. Watu wanasema maji ya kisima imewekwa kitu."

Kweli uvumi huo ulikuwepo, kwamba watu wa bara wametia sumu kisimani. Nilikuwa mtu wa bara. Debe langu lilikuwa hatua tatu kutoka pale, na mtoto ameketi kando yake, mkono ndani. Ilikuwa ni kusema, "Mama, mwondoe mtoto hapo." Maneno matano hayafiki. Nikasema, "Pole, Mama," nikamwambia habari ya maziwa ya wageni, nikarudi kazini.

Ilikuwa siku ya Jumatatu. Nilikaa kimya siku tisa.

Nitasema nilichoogopa, ingawa sitarajii kitanisaidia. Niliogopa wanaume wa ukoo wake, maana damu ya ngamia kule ina hesabu yake. Niliogopa uvumi ungepata uso, na uso huo ungekuwa wangu. Niliogopa askari angeniuliza kwa nini nilibeba mizigo kwenda kijiji kilichofungwa. Niliogopa msimamizi angenifukuza. Hofu zote hizo zilikuwa za haki, na zote zilikuwa kuhusu mimi.

Lakini la kunivua nguo ni hili. Jumanne asubuhi mama alipoleta maziwa, sikuyanywa. Nilisema tumbo linanisumbua. Jumatano nikasema ninafunga. Nilichukua maziwa yale kwa mikono miwili, nikashukuru kwa adabu zote, nikazunguka nyuma ya ukuta nikayamwaga. Nilikuwa nimefikiri vizuri kabisa: kama sumu imo ndani ya ngamia, basi huenda imo kwenye maziwa. Nilifikiri hivyo kwa ajili ya tumbo langu. Mtoto alikuwa akiyanywa kutwa mara mbili, na kati ya kunywa na kunywa alikuwa akirudi kwenye debe.

Ijumaa mama alikuja peke yake. Mtoto analia tumbo, akasema, hataki kutembea. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia ampe maji ya uvuguvugu. Jumamosi alisema mtoto amenyamaza, hata haombi kitu, anamwangalia tu. Jumapili nilikwenda kanisani na wenzangu wa bara, nikaimba. Nilikuwa na sauti nzuri wakati ule.

Siku ya tisa, Jumanne, mama alifika langoni mapema kuliko kawaida. Hakubeba chombo cha maziwa. Alikuwa na kitu kizito kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Ngamia alikuwa ameanguka alfajiri, na kabla hajakata roho wakamchinja kwa jina la Mungu, ili nyama iwe halali, kisha wakawagawia majirani kama ilivyo desturi yao.

"Hii ini," akasema. "Yako. Wewe lisaidia mimi na carro, na siku nyingi hukunywa maziwa, umegonjwa. Kula ubate nguvu."

Ini ni fungu la heshima. Lilikuwa bado la moto. Nilisimama nalo mikononi, na nilitamani anitukane. Nikamuuliza, "Mtoto amekula hii nyama?"

"Bado. Nyama iko jikoni."

Hapo ndipo ulimi ulipofunguka, na nisingependa mtu aseme ulifunguliwa na ujasiri. Ulifunguliwa na uzito wa lile ini. Nilimwambia asile, asimpe mtoto, nyama yote, hata waliyogawiwa majirani, ifukiwe. Nilimwambia udongo ule si chumvi, una sumu ya betri, na ngamia amekufa kwa ule. Nilimwambia debe alifukie mbali, mtoto aoshwe mikono, atafutiwe maziwa ya mnyama mwingine, apelekwe hospitali leo hii. Niliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kwa Kiswahili cha haraka, na nikalazimika kuyarudia polepole kwa sababu hakunielewa.

Aliponielewa hakupiga kelele. Aliketi chini, palepale langoni, juu ya mafuta ya magari. Kisha akainua uso akaniuliza swali moja tu.

"Fundi, wewe lijua lini?"

Nikasema, "Leo, Mama. Leo asubuhi ndio nimeambiwa."

Alinitazama. Nilidhani ameuona uongo wangu. Labda kama angenitazama kidogo zaidi ningesema. Lakini aliteremsha macho, akautazama ulimi wake, kama mtu anavyoweza kuutazama ulimi wake mwenyewe, akiutoa kidogo na kuugusa kwa kidole.

"Mimi nilionja," akasema. "Na ulimi yangu. Nikasema ni fizuri. Wewe hukujua, mimi hukujua. Nimesamehe wewe mbele ya Mungu. Na wewe samehe mimi, nilikubea nyama mubaya."

Aliomba msamaha kwangu. Nikampa. Ndiyo, nilisema, "Nimekusamehe, Mama," kwa sababu alikuwa anangoja nilitamke, na bila kutamkwa, kwao jambo halijaisha.

Mtoto hakufa. Hospitali walimtazama, wakampa dawa ya tumbo, na maumivu yakaisha taratibu. Alianza tena kutembea kwa kushika kuta. Lakini maneno aliyokuwa nayo hayakurudi yote. Bibi yake alimfundisha upya kusema maji, kusema ndiyo, na "fudi" halikuwemo tena. Alinitazama kama anavyotazama lori. Nilijipa moyo kwamba watoto hupona. Sijui kama alipona. Ningeweza kuuliza, miaka yote hii, kwa barua au kwa miguu. Kitui na Garissa si mbali.

Msimamizi nilimwambia baadaye, kwa namna ile ile, kwamba nimegundua siku ngamia alipokufa. Akatukana kwa lugha zote alizozijua, kisha akaenda mwenyewe nyuma ya ukuta akamwaga chokaa, akatuamuru tusimwage tena asidi pale. Tukahamia upande wa pili wa uwanja. Ndivyo tulivyojua kusafisha mambo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni, na nimepewa viti vya mbele njiani. Vita vilipotulia mkandarasi akamaliza kazi yake, nasi tukaambiwa turudi. Siku ya kuondoka nilikuwa tayari nimepanda nyuma ya lori na sanduku langu. Mama akaja, mtoto mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Alifuatana na wanawake wawili nisiowajua. Alinionyesha kwao kwa kidole, akawaeleza jambo kwa Kisomali, wakanitazama na kuinamisha vichwa kwa heshima. Kisha, ili nami nisikie, akalirudia kwa Kiswahili.

"Nawaambia hii ni mutu ya kweli. Alijua asubuhi, na asubuhi ileile akaniambia."

Dereva akawasha gari. Nilikuwa na nafasi ya kuteremka. Niliwapungia mkono.